Rekodi ya Jukwaani Kwenye Usaili: Mazungumzo na Wanamuziki wa Mtwara na Lindi

Haya ni maneno niliyozungumza na wanamuziki wenzangu pale Mtwara mjini. Wengi walioshindwa kufika wameomba wayapate, kwa hiyo nayaweka hapa kama nilivyoyasema. Nimeacha vipande vya muziki tulivyosikiliza katikati, maana vile ni vya wenyewe.

Ndugu zangu, Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wa ngoma mlioketi mbele, shikamooni.

Nawaona hapa watu wa bendi, watu wa taarabu, vijana wa kaswida, kwaya kutoka Masasi, wapiga sindimba kutoka Newala na Tandahimba, na ndugu zetu wa Lindi na Nachingwea. Sina mada kubwa. Nina swali moja. Leo jioni simu yako ikiita, mtu yuko Dar es Salaam, anakwambia: "Nimesikia unapiga besi. Nitumie kitu chako nisikilize, nataka mtu kabla ya Ijumaa." Utamtumia nini?

Nauliza tena. Utamtumia nini?

Najua wengi wenu mngemtumia nini. Mngemtumia ule wimbo mlioutengeneza studio kwa prodyuza, wenye biti ya kompyuta, sauti imepigwa pasi hadi haina kunyanzi. Na kuna mwingine angemwambia, "Kaka, subiri kwanza nikarekodi." Ijumaa itapita. Na wakati huohuo, ndani ya simu ya shemeji yako kuna dakika nne ulizopiga kwenye harusi mwezi uliopita ambazo zingekupa kazi ile. Hukuzitafuta, au hukujua kwamba zinafaa.

Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Nani anaweza kupanda basi kila anapoitwa kusikilizwa? Kwa sisi wa kusini, usaili wa kwanza karibu wote unafanyika kwa rekodi. Wewe mwenyewe utaitwa baadaye, kama utaitwa.

Sasa tuanze na huyu aliye upande wa pili. Anatafuta nini?

Mwenye bendi hatafuti wimbo. Nyimbo anazo, nyingine zimemchosha. Anatafuta mtu wa kusimama pembeni yake kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, mpiga drams akiwa amechoka, mwimbaji akiwa amelewa sifa, na spika moja ikiwa imekufa. Anataka kujua: huyu ataweza? Wimbo wa studio haumjibu swali hilo. Studio unaweza kurudia mstari mmoja mara ishirini, prodyuza akachagua ule mmoja uliokaa sawa, na aliyesikiliza asijue kabisa.

Niwape kisa. Kuna kijana wa huku kwetu, mpiga gitaa la solo, alituma wimbo wake wa studio kwa bendi moja ya Dar. Kiongozi wa bendi akasikiliza, akasema gitaa zuri, akakaa kimya. Wiki zikapita. Kijana akaona amekosa, akamtumia na rekodi ya simu kutoka harusini, Ndanda, zaidi kwa kujifariji kuliko kwa matumaini. Katika rekodi ile mwimbaji anaruka ubeti. Anaingia kwenye kiitikio mapema, bendi bado iko nyuma. Unasikia kabisa mambo yanataka kumwagika. Halafu unasikia gitaa la yule kijana linaacha lilichokuwa linapiga, linapiga mlio wa kiitikio kwa nguvu, mara mbili, na besi inamfuata, drams zinamfuata, wote wamefika alipo mwimbaji. Wachezaji hawakujua lolote, wanaendelea kucheza. Kiongozi wa bendi akampigia simu usiku uleule. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kwenye lile kosa la mwimbaji.

Mnaona? Jukwaa linatoa ushahidi ambao huwezi kuupanga.

Na msidhani ni mambo ya bendi za dansi tu. Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004, wanataka muziki unaopigwa laivu. Ukisimama pale Ngome Kongwe mwezi Februari huweki plebeki ukafungua mdomo. Mtu anayechagua vikundi kwa jukwaa kama lile ana haki ya kuuliza: hawa wakisimama wenyewe wanasikikaje? Ukimpelekea wimbo wa kompyuta umemwachia kazi ya kukisia, na mwenye maombi mengi mezani hakisii. Anakwenda kwa anayefuata.

Wazee hapa wanakumbuka Radio Tanzania. Bendi kama NUTA Jazz zilikuwa zinaingia studio, zinapiga pamoja, wapulizaji, magitaa, waimbaji, wote kwa mkupuo. Akikosea mmoja mnaanza upya wote. Ndiyo maana hadi leo ukisikiliza zile rekodi unajua hii ni bendi. Kwa hiyo mtu akikuomba rekodi ya laivu hajaleta jambo jipya la kizungu.

Haya, studio nayo ina mahali pake. Redioni peleka ya studio. Anayetaka sauti ya tangazo, mpelekee ya studio, safi. Siyo ugomvi. Na wale wenye ndoto za vyuo vya muziki vya Ulaya na Marekani, someni masharti yao kabla hamjarekodi. Vyuo vingi vinataka video ya mfululizo isiyokatwa, kamera imesimama sehemu moja, mikono na uso vinaonekana. Wanataka kukuona ukipiga wimbo mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja, na hapo hata harusi yenye kelele haitakusaidia. Tafuta ukumbi mtulivu.

Sasa nije kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo mnaponiumiza mimi kama fundi mitambo.

Kuna bendi ilipiga kwenye hoteli ya ufukweni. Walikuwa wamejiandaa, wakamwomba mwenye mitambo achomeke kompyuta kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, arekodi moja kwa moja. Walifurahi sana, wakijua hii ndiyo itakuwa safi. Kesho yake wanasikiliza: mwimbaji yuko sikioni kwako kama anakunong'oneza, kinanda kikubwa, na drams ziko wapi? Drams hazipo. Gitaa linasikika kwa mbali kama liko Msimbati. Wakamlaumu fundi. Fundi hakuwa na kosa.

Sikilizeni vizuri hili, kwa sababu linarudiwa kila mahali. Mikisa inabeba kile tu kinachohitaji kuongezwa nguvu. Kwenye ukumbi mdogo drams zina kelele za kutosha zenyewe, hakuna anayeziwekea maikrofoni, au anaiweka moja kwa heshima. Gitaa linatoka kwenye amplifaya yake. Waliokuwa ukumbini walisikia vyote vimechanganyika hewani. Kompyuta ilisikia mikisa peke yake. Ukumbi ukiwa mdogo zaidi, rekodi ya mikisa inakuwa ya uongo zaidi.

Dawa yake ni kurekodi kote kuwili. Chukua ya mikisa, na weka rekoda nyingine ukumbini. Kama mna rekoda ndogo ya mkono, zile za Zoom au Tascam zenye maikrofoni mbili, vizuri sana. Kama hamna, simu. Kabla ya wimbo wa kwanza, mtu mmoja apige kofi moja kali mbele ya maikrofoni ya jukwaani. Kesho mtakapounganisha rekodi mbili kwenye kompyuta mtalitafuta lile kofi, mtazilinganisha hapo, na mambo yatakwenda sambamba. Sauti ya mwimbaji inatoka kwenye mikisa, ukumbi unaleta drams na hewa.

Na kama mna simu peke yake? Simu peke yake inatosha, mkiiheshimu. Usiiweke juu ya spika. Nimeona kwa macho yangu simu imelazwa juu ya spika ya besi, eti iko karibu! Maikrofoni ya simu ni ndogo, ikipigwa na sauti kubwa kupita uwezo wake inakwaruza, na mkwaruzo ule hauondoki, hata umpelekee fundi gani. Usiiweke juu ya meza wanapogonga chupa. Usiiegemeze ukutani, besi hujikusanya kule ikavuma. Isimamishe usawa wa kichwa cha mtu, katikati ya ukumbi au mbele kidogo, ielekee jukwaani, kwenye stendi au imefungwa kwenye nguzo. Weka hali ya ndege, isije simu ya mama mkwe ikakata rekodi kwenye solo. Futa picha za zamani, nafasi iwepo. Chaji.

Kuna jambo jingine la simu ambalo wengi hawalijui. Simu nyingi zinajipandishia na kujishushia sauti zenyewe. Kukiwa kimya inafungua masikio, ngoma ikilia inaziba. Matokeo yake muziki unapumua juu chini, sehemu tulivu na sehemu ya nguvu zinakuwa sawa, na wewe uliyejaliwa kupiga kwa kupanda na kushuka unaonekana unapiga bapa. Tafuteni programu ya kurekodi inayokuruhusu kuweka kiwango mwenyewe. Mwombe mpiga drams apige kwa nguvu zake zote wakati wa kujaribu mitambo, kiwango kifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, maana sifuri ndipo sauti inapoanza kukwaruza, uache hapo. Usiku watu hupiga kwa nguvu kuliko jioni. Hiyo nafasi uliyoacha itatumika.

Na upepo. Sisi ni watu wa pwani jamani. Kusi likivuma, sherehe iko Shangani uwanjani, rekodi nzima ni "fuuu". Kipande cha sponji, au hata soksi safi juu ya maikrofoni ya rekoda, kinasaidia. Nimesema safi.

Kwa wapiga ngoma: nyie mnajua kuliko mimi kwamba ngoma iliyotoka motoni sasa hivi na ngoma iliyokaa saa nzima kwenye unyevu wa usiku si ngoma moja. Basi kipande cha kupeleka kitoke pale ngozi bado imekaza. Vinganga, zile ngoma ndogo, vikilegea, anayesikiliza kwa mbali hajui kuhusu umande. Atadhani mpigaji ndiye mlegevu.

Sasa mmesharekodi. Mna saa tatu za sherehe. Mtu anafanya nini? Anatuma saa tatu! Au anatuma dakika kumi za mwanzo.

Nimewahi kukaa na wenzangu tukichagua vikundi vya tamasha. Faili zilikuwa nyingi, tunasikiliza kuanzia asubuhi, chai imepoa. Ikaja rekodi ya dada mmoja mwimbaji wa taarabu. Inaanza, mshereheshaji anaongea. Anawashukuru wajomba wa bwana harusi. Anawashukuru shangazi. Anatangaza gari lililoziba njia. Kinanda kinaanza kidogo, mshereheshaji anarudi, kuna mtu amepoteza funguo. Mwenzetu akasema, "Tuendelee na mwingine." Mimi nilimfahamu yule dada kwa sifa, nikaomba tusogeze mbele. Tukasogeza. Akaimba! Chumba kikanyamaza. Lakini niambieni, kama nisingekuwepo? Ana bahati gani ya kuwa na mtu wa kumsogezea mbele kila chumba?

Na hata alipoanza kuimba hatukumwona, kwa sababu kamera ilikuwa chini na watunzaji walikuwa wamejaa mbele yake. Nyie mnajua msimu wa korosho ulivyo, noti zinatembea, kila mtu anataka kupanda kutunza na kupigwa picha. Sikatai pesa, na wala simwambii mtu azuie watu kutunza. Inueni kamera juu. Au tumieni wimbo wa mwanzo, kabla watu hawajachangamka.

Kata rekodi ianze pale wewe unapoanza. Kama ni mpiga gitaa, ianzie kwenye mstari wako, asisubiri beti tatu za mwimbaji. Nusu dakika ya kwanza ndiyo uliyopewa kwa hakika. Vipande viwili au vitatu vinavyotofautiana, kimoja cha kasi na kimoja cha taratibu, vinatosha. Ukipiga vitano vya mduara vyote kasi moja, umeonyesha kimoja.

Lakini kukata kuna mpaka. Kata kabla, kata baada. Usikate ndani ya wimbo ukaunganisha mwanzo wa Jumamosi na mwisho wa Jumapili. Usinyooshe sauti kwa mashine. Kwa nini? Kwa sababu nguvu yote ya rekodi ya laivu ni kwamba mtu anaiamini. Akigundua mahali pamoja umeshona, ataitilia shaka yote, hata zile sehemu ulizopiga kwa haki. Kukwaruza kidogo kwa kidole, mwimbaji kukohoa, makofi mwishoni, acha. Kosa dogo ulilotoka nalo vizuri halikupunguzii. Kosa lililokushinda, hilo chagua wimbo mwingine.

Halafu jitambulishe. Nimepokea video ya wapiga ngoma wanane na ujumbe: "Huyu ni mimi." Yupi? Andika: mimi ni wa pili kutoka kushoto, shati la bluu. Andika chombo unachopiga, mahali, mwezi na mwaka. Faili liitwe jina lako na chombo chako, lisiitwe namba ishirini za simu. Kwa ngoma za kucheza kama sindimba, kamera irudi nyuma tuone miguu, viuno na wapigaji kwa pamoja, kwa sababu mpigaji anazungumza na mchezaji, na ukikata mmoja umekata mazungumzo. Na msitume video kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaibana hadi inakuwa uji. Itume kama dokumenti, au ipandishe mtandaoni utume kiungo, ukihakikisha kinafunguka kwa mtu mwingine kabla hujalala.

Nimebakiza jambo moja, na hili nalisema mbele ya wazee kwa makusudi.

Jukwaani hauko peke yako. Rekodi ile ina sauti ya mpiga drams, ya mwimbaji, ya wapigaji wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda na mtumbuizaji, siyo mtunzi tu. Ukitaka kutumia rekodi ya wote kwa ajili yako, waambie. Mara nyingi watasema chukua. Lakini kuna waliogombana na bendi ikavunjika kwa sababu mtu alisikia kwa watu kwamba mwenzao anatafuta kazi kwa sauti zao. Maneno mawili tu yangeondoa vita hiyo.

Na zipo ngoma zisizo za kutumwa. Tunaelewana? Ya unyago ni ya unyago. Ya jando ni ya jando. Kijana anayepiga vizuri kuliko wote huenda ameupata ufundi ule humo ndani, na rekodi yake kali kuliko zote ni ya humo. Haitumwi. Kikundi kimoja cha mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kilikuwa na video nzuri kupita kiasi ya kupeleka kwenye mchujo, ila mpiga picha alikuwa ameingia nyuma, mahali aliyevaa kinyago anapovalishwa, na uso wake unaonekana. Mzee wao akaitazama mara moja, akasema hii hapana. Vijana wakanung'unika, muda ulikuwa umebaki mchache. Wakarudi uwanjani mchana kweupe, wakapiga mbele ya kijiji kizima, wakarekodi upya. Ile ya pili ndiyo iliyopelekwa, na niwaambie kama fundi, ilikuwa bora hata kwa sauti: hapakuwa na kuta, watu walikuwa wanaitikia, ngoma zilikuwa na hewa.

Mzee wangu pale ameinua mkono. Anauliza: mazoezi je, yanahesabika kuwa laivu?

Yanahesabika, mzee, kama mmepiga mfululizo bila kusimama na mkasema wazi kuwa ni mazoezi. Kwa kikundi ambacho hakijapata sherehe ya kupiga, ndiyo njia. Kinachokosekana ni watu. Mpigaji akiwa na watu mbele yake anapiga kitu ambacho mazoezini hakitoki, na wewe unakijua kuliko mimi. Basi waiteni majirani, hata kumi, wakae, mpige wimbo mzima. Iwe ndogo, lakini watu wawepo.

Na dada wa kwaya anauliza kama kwaya ya watu arobaini inaweza kurekodiwa kwa simu moja. Inaweza, tena vizuri kuliko bendi, kwa sababu hakuna spika za kugombana nazo. Kanisa lenye dari refu likupe mwangwi wake. Simu iwe mbele ya mwalimu wa kwaya, juu ya kichwa chake kidogo, hatua kadhaa kutoka mstari wa kwanza. Wenye sauti ya tatu na ya nne wasogee mbele kama ni wachache. Sogezeni watu, kwa sababu simu moja haina mikisa ya kuwapandishia.

Inatosha kuongea. Mitambo iko tayari hapo nje chini ya mwembe. Aliyekuja na rekodi kwenye simu aandikishe jina kwa dada aliye mlangoni, tutasikiliza nusu dakika ya kila mmoja, kwa sauti, mbele ya wote, na mwenye rekodi atatuambia alitaka tusikie nini. Tunaanza na wa ngoma, kwa sababu wazee wana safari ya kurudi Tandahimba kabla ya giza.